Kiungio cha Tela na Mteremko wa Wampembe

Mji wa Sumbawanga umejengwa juu ya uwanda wa Ufipa, mahali penye kimo cha takriban meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Wampembe, iliyoko wilayani Nkasi kandokando ya Ziwa Tanganyika, iko karibu na usawa wa ziwa hilo, yaani meta 770 hivi. Basi gari litokalo uwandani kwenda Wampembe hushuka kimo cha karibu kilometa moja, na sehemu kubwa ya kushuka huko imo katika barabara ya milimani itokayo Kitosi. Mahindi, maharage, saruji na mbolea huteremka kwa njia hiyo. Dagaa na migebuka hupanda.

Dereva anayejiandaa kushuka na tela hukagua breki, hupiga matairi kwa nyundo na husikiliza injini. Hayo yote ni mema. Lakini kiko chombo kimoja ambacho aghalabu husahauliwa kwa sababu kimejificha katikati ya gari na tela, nacho kimejaa grisi na vumbi. Chombo hicho ni kiungio. Kikikatika mlimani, tela halina usukani wala dereva, na lililoko mbele yake ni kona, korongo, au watu waendao kwa miguu.

Makala haya yanaeleza jinsi kiungio kinavyofanya kazi, kwa nini hupata mapigo makali, na namna ya kukitunza na kukitengeneza ili mapigo hayo yasigeuke kuwa ajali.

AINA MBILI ZA VIUNGIO

Tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga iwekwe lami katika miaka ya 2010, malori makubwa ya semi hufika Sumbawanga kwa urahisi zaidi. Tela la semi halina magurudumu ya mbele. Pua yake hulala juu ya kichwa cha lori, na mahali pa kulalia huitwa gurudumu la tano.

Jina hilo huwashangaza wengi, maana hakuna gurudumu lionekanalo hapo. Asili yake ni magari ya kukokotwa na farasi. Magari hayo yalikuwa na magurudumu manne, na ekseli ya mbele iligeuka chini ya bodi juu ya pete ya chuma iliyolazwa. Pete hiyo ndiyo iliyoitwa gurudumu la tano. Mwaka 1914 August Fruehauf, mhunzi wa mji wa Detroit huko Marekani, alitengeneza tela la kubebea mashua, likavutwa na gari dogo la Ford. Kazi hiyo ilikuwa mojawapo ya mianzo ya malori ya semi. Siku hizi mahali pa pete pamechukuliwa na sahani nene ya chuma yenye mkato mpana upande wa nyuma, lakini jina la zamani limebaki.

Aina ya pili ni tela lenye mkono. Tela hilo hujibeba lenyewe au karibu lijibebe, na huvutwa kwa mkono wa chuma wenye pete mwishoni. Pete huingia katika kulabu au katika mdomo wenye pini nyuma ya trekta au lori. Matela ya namna hiyo ndiyo yafaayo zaidi katika njia za vijijini.

Aina hizi mbili hazifanani kwa umbo, lakini sheria inayozitawala ni moja.

SEHEMU ZAKE

Katika gurudumu la tano, sehemu ya kwanza ni pini kuu, ambayo mafundi huiita kingipini. Pini hii imefungwa chini ya pua ya tela, nayo ina shingo nyembamba. Sehemu ya pili ni taya, zilizomo ndani ya sahani, ambazo huikumbatia shingo ya pini. Ya tatu ni komeo linalozuia taya zisifunguke. Ya nne ni mabano mawili yanayoibeba sahani na kuiwezesha kuinama mbele na nyuma kama mizani. Ya tano, ambayo ndiyo hasa ya kupunguza mshtuko, ni mito ya mpira iliyowekwa kati ya sahani na mabano.

Katika tela la mkono, mshtuko hupunguzwa kwa njia nyingine. Ufito wa kulabu hupita katikati ya bamba la fremu. Mbele ya bamba kuna pande la mpira au springi, na nyuma yake kuna jingine. Gari likivuta, pande moja hubanwa. Tela likisukuma, pande la pili hubanwa. Nati kubwa iliyoko mwisho wa ufito huyakaza yote mawili, hata yakawa yamebanwa kidogo kabla ya safari kuanza. Kubanwa huko kwa awali ndiko kunakozuia ufito usicheze.

PIGO HUTOKA WAPI

Mtu anaweza kudhani kwamba kiungio huumizwa na uzito wa mzigo. Uzito peke yake si adui mkubwa, kwa kuwa chuma kilichopimwa vizuri hustahimili mvuto wa kudumu kwa miaka mingi. Adui ni mwanya.

Pini ikichakaa na pete ikapanuka, hubaki nafasi tupu kati yake. Dereva akikanyaga breki, gari hupunguza mwendo lakini tela huendelea na mwendo wake wa awali mpaka limalize nafasi hiyo. Hapo ndipo chuma hugonga chuma. Dereva akiongeza moto, tela hubaki nyuma kidogo, kisha hunyakuliwa kwa ghafula. Katika barabara ya makorongo jambo hili hutokea mara nyingi mno katika safari moja.

Ukali wa pigo unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Ichukuliwe kwamba tela lina uzito wa tani 10, na gari limefunga breki kwa nguvu hata mwendo wake ukapungua kwa meta 4.5 kwa sekunde katika kila sekunde. Kama breki za tela hazijashika, na mwanya ni milimeta 10, tela litafika mwisho wa mwanya likiwa na nishati ya ziada ya jouli 450. Mwanya ukiwa milimeta 2.5 tu, nishati hiyo ni jouli 112 hivi. Maana yake ni kwamba nishati ya pigo hukua sawasawa na mwanya: mwanya ukiongezeka mara nne, nishati nayo huongezeka mara nne.

Sasa nishati hiyo lazima imalizwe. Ikiwa chuma kimegonga chuma kitupu na kimebonyea milimeta 1.5 tu, nguvu ya wastani ya pigo ni nyutoni 300,000, sawasawa na uzito wa tani 30. Ikiwa kuna mpira uwezao kubanwa milimeta 15, nishati ileile humalizwa kwa nyutoni 30,000, yaani uzito wa tani 3. Mzigo ni uleule, breki ni ileile, barabara ni ileile. Kilichobadilika ni umbali ambao pigo limepewa ili litulie.

Kutokana na hesabu hii kazi ya matunzo hugawanyika katika mambo mawili: kuondoa mwanya, na kuuhifadhi mpira.

TABIA YA MPIRA

Mpira hupendelewa kwa kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, hubanwa na kurudi katika umbo lake. Pili, haurudishi nishati yote uliyopewa. Sehemu yake huigeuza kuwa joto. Springi ya chuma hurudisha karibu nishati yote, na kwa hiyo tela huweza kurudirudi mbele na nyuma baada ya pigo. Mpira hutuliza upesi zaidi.

Hata hivyo mpira una tabia moja ambayo mafundi wengi hawaitilii maanani. Ukibanwa, ujazo wake haupungui karibu kabisa; hufura ubavuni. Ni lazima basi pawe na nafasi ya kufuria. Tope la masika likijaa kuzunguka pande la mpira na kukauka wakati wa kiangazi, mpira hukosa pa kwenda, nao hugeuka kuwa mgumu kama jiwe ingawa ni mzima. Kiungio cha namna hiyo huonekana hakina kasoro, lakini mshtuko wote hupita moja kwa moja hadi kwenye pini na fremu. Dawa yake haihitaji fedha: kijiti, brashi na maji.

Mpira huzeeka pia. Jua na hewa huukausha ukapata nyufa. Mafuta ya dizeli, oili na grisi huulainisha na kuuvimbisha, hasa mpira wa asili. Mzigo wa muda mrefu huufanya usinyae, usirudi tena katika unene wake wa kwanza. Kwenye tela la mkono, kusinyaa huko huondoa ule mkazo wa awali, na mwanya huzaliwa nyuma ya nati ingawa pini bado ni nzima.

MATUNZO YA KAWAIDA

Vumbi la kiangazi likichanganyika na grisi hufanya uji unaosaga chuma kama jiwe la kunolea. Kwa sababu hiyo kuongeza grisi mpya juu ya grisi chafu si matunzo bali ni kulisha uharibifu. Grisi ya zamani ikwanguliwe yote, sahani na taya zifutwe hadi chuma kionekane, kisha grisi safi ipakwe. Oili chafu iliyotolewa katika injini haifai kuwa mbadala, kwa kuwa hutiririka ikipata joto na huacha chuma kikavu. Ziko sahani zenye bitana ya plastiki ambazo hazihitaji grisi juu yake. Lakini hata hizo, taya na komeo lazima vipakwe.

Boliti zinazofunga mabano na kulabu zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa kiasi kilichowekwa na mtengenezaji. Boliti iliyolegea hujitangaza yenyewe: kuizunguka huonekana unga mwekundu wa kutu, kwa sababu vipande viwili vya chuma vinasuguana. Fundi mwangalifu akishakaza nati huchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Mistari hiyo ikipishana, utingo yeyote ataona kwamba nati imezunguka, hata kama hajui kutumia spana.

Mpira ukaguliwe kwa macho na kwa mkono. Nyufa za juu juu si hatari. Nyufa zinazoingia ndani, mpira ulioachana na bamba lake, au mpira uliolainika kwa mafuta, vyote ni sababu ya kubadilisha.

KUPIMA UCHAKAVU

Jicho halitoshi kupima pini. Pini kuu ya kawaida ya semi ina kipenyo cha milimeta 50.8 shingoni, yaani inchi 2, na milimeta 73 sehemu ya juu yake. Ikichakaa hadi milimeta 49 shingoni, au milimeta 71 juu, imefika mwisho wa maisha yake. Pini nene ya inchi 3 na nusu ina mipaka yake yenyewe, wala haipimwi kwa tarakimu hizi.

Pini haichakai sawasawa pande zote. Mvuto huila upande mmoja, na msukumo wa breki huila upande wa pili, hata umbo likawa la yai. Basi ipimwe mara mbili, kutoka mbele kwenda nyuma, na kutoka kushoto kwenda kulia. Kipimo kilicho kidogo ndicho kinachotoa hukumu.

Gereji isiyo na kalipa ya kubaki daima mezani inaweza kujitengenezea kipimo cha kudumu. Bamba la chuma hukatwa mkato wenye upana wa milimeta 49 kamili, uliosuguliwa kwa tupa na kuhakikishwa mara moja kwa kalipa ya kuazima. Mkato huo hujaribiwa kwenye shingo ya pini. Usipoingia, pini bado inafaa. Ukiingia, pini ibadilishwe. Mkato wa pili wa milimeta 71 hutumika kwa sehemu ya juu. Kipimo cha namna hiyo hakihitaji kusoma tarakimu, wala hakina nafasi ya kubishana na mwenye gari.

Taya zenyewe zina skrubu au kabari ya kurekebisha. Ikiwa pini bado iko ndani ya mpaka lakini tela linacheza, skrubu hiyo hukazwa kwa maelekezo ya mtengenezaji. Kukaza taya juu ya pini iliyokwisha ni kuficha ugonjwa, maana taya zitaishika shingo iliyodhoofika.

YANAYOTENGENEZEKA NA YASIYOTENGENEZEKA

Mito ya mpira, bushi, springi, komeo, taya na boliti ni vitu vya kubadilishwa. Boliti ngumu ikitolewa, iwekwe nyingine ya daraja lilelile la ugumu. Boliti laini ya kawaida itanyooka polepole na kulegea. Vipande vya tairi kuukuu havifai kuchukua nafasi ya mto wa mpira. Tairi lina nyuzi ndani yake, unene wake haulingani, na hakuna ajuaye litabonyea kiasi gani chini ya mzigo.

Jambo la hatari kupita yote ni kujaza pini iliyochakaa kwa kuichomelea na kuichonga tena. Kazi hiyo hupendeza macho, kwa kuwa pini hurudi katika unene wake. Lakini pini imetengenezwa kwa chuma cha pua kilichopashwa moto, kikapozwa kwa ghafula, kisha kikapashwa tena kwa kipimo, ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Moto wa kuchomelea huharibu mpango huo. Sehemu iliyo jirani na mchomeleo hupozwa haraka na chuma baridi kilichoizunguka, nayo huwa ngumu na yenye kuvunjika kama kioo. Sehemu iliyo mbali kidogo hulainika. Ufa mdogo huanzia hapo, hukua kwa kila pigo, na siku moja pini hukatika bila kutoa onyo lolote.

Kwamba moto hubadili tabia ya chuma si habari ngeni Ufipa. Wahunzi wa Kifipa wa zamani walitoa chuma katika mawe kwa kutumia tanuri refu liitwalo ilungu, lakini hawakukifua moja kwa moja. Walikipitisha kwanza katika tanuri dogo la mivukuto liitwalo kintengwe, ili kusafisha kile kilichokuwa na takataka. Walijua kwamba vipande viwili vya chuma vyenye sura moja vinaweza kuwa na nguvu tofauti kwa sababu ya historia yao ndani ya moto. Pini iliyochomelewa ni ushahidi mwingine wa maarifa hayo.

Pini iliyopinda nayo isinyoshwe kwa moto wala nyundo. Itupwe, na ikatwe kwanza ili mtu mwingine asiiokote na kuifunga.

KUUNGA NA KUSHUKA

Kiungio kizuri kinaweza kuharibiwa na uungaji mbaya. Kabla ya kurudisha kichwa nyuma, magurudumu ya tela yazuiliwe kwa kabari. Pua ya tela iwe chini kidogo kuliko sahani, ili sahani iingie chini yake na kuiinua. Tela likiwa juu mno, pini huweza kukaa juu ya taya badala ya kuingia ndani, na komeo likaonekana kama limefunga.

Baada ya kuunga, breki za tela zifungwe na gari lijaribu kuvuta taratibu kwa gia ndogo. Jaribio hilo peke yake halitoshi, kwa maana pini iliyokaa vibaya huweza kustahimili mvuto mdogo. Ni lazima mtu ashuke, achukue tochi, na atazame chini ya pua: kusiwe na mwanga kati ya sahani na tela, na taya ziwe zimeikumbatia shingo ya pini. Kisha komeo na kifungio chake cha usalama vikaguliwe, mabomba ya upepo na nyaya za taa viungwe, na miguu ya kusimamia ipandishwe.

Kwa tela la mkono, pini iwe na kipini chake cha kuzuia isipande. Msumari au kipande cha waya si mbadala. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono wa tela, ikiwa imelegea kiasi cha kuruhusu kona, lakini si kiasi cha kuburuta chini. Pini ikikatika, minyororo iliyopishana huudaka mkono usichomeke barabarani.

Mteremkoni hesabu ni rahisi. Katika mteremko wa 1 kwa 10, tela la tani 10 ambalo breki zake hazifanyi kazi husukuma gari kwa nguvu ya karibu uzito wa tani moja, bila kukoma, na kila mwanya huongeza pigo juu ya msukumo huo. Kwenye kona yenye utelezi msukumo huo huweza kuligeuza gari la mbele upande mmoja na tela upande mwingine. Kwa hiyo breki za tela zishike pamoja na za gari, gia ndogo iingizwe kabla ya kuanza kushuka, na breki zikanyagwe kwa utulivu ili tela lisipewe nafasi ya kupiga.

Mahali pazuri pa kukagua kiungio ni uwandani, kabla barabara haijaanza kuteremka. Kijiti cha kukwangua tope, tochi, bamba lenye mkato wa milimeta 49 na mstari wa rangi juu ya nati ni vitu vya bei ndogo. Ukaguzi wenyewe hauchukui muda mrefu kuliko chai ya asubuhi. Tela likishaanza kusukuma mlimani, hakuna tena la kukagua. Lililobaki ni pini, mpira, na kazi iliyofanywa au kuachwa kabla ya safari.